Duka la miwani la Malindi lililokataa kuniuzia dawa ya chokea

Wiki iliyopita gatini Mokowe, dada mmoja tuliyekuwa tukingoja boti pamoja aliniuliza miwani yangu nimetengenezea wapi, maana mkono wa kushoto wa miwani hiyo umepindwa kwa namna isiyo ya kawaida. Nikamwambia Malindi. Akauliza duka gani, kiasi gani, na je, wanafaa? Boti ikaja kabla sijamaliza. Basi namalizia hapa, na kwa urefu, kwa sababu nikisema tu "ndiyo, wanafaa" nitakuwa nimewadhulumu watu wale.

Jina la duka sitaliandika. Mwenyewe ni mtu wa haya na ameniomba asionekane anajitangaza kwa ugonjwa wa mteja wake. Wa Malindi watalijua: liko mji wa zamani, ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba zenye kizingiti kilichovunjika pembeni, na chini yake wanauza vitambaa. Mkinikuta njiani niulizeni, nitawaelekeza kwa mkono.

Mimi ni mshonaji kofia, Langoni, Lamu. Kofia za vito. Anayeijua kazi hii anajua kwamba yote ni vitobo: unatoboa, unazungushia uzi, unakwenda kingine, na kofia moja nzuri hula miezi. Naifanya kazi hiyo kwa jicho moja. La kulia ni la bandia tangu utotoni. Nilizaliwa 1997, na usiku mmoja nyanya yangu alinibeba karibu na taa ya chemli akaona weupe ndani ya mboni. Akamwita mama akamwambia, "Ito la mwana huyu lawaka," yaani jicho linawaka. Ilikuwa retinoblastoma, saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Huwapata watoto wadogo, wengi wao kabla ya kufika miaka mitano. Mimi ilinipata macho yote mawili. Nilipokuwa na miezi kumi wazazi wangu walinipeleka Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika kabisa, likaondolewa. La kushoto lilikuwa na vivimbe vidogo zaidi, likapigwa mionzi, likapona.

Mionzi ile iliniachia jicho, na sina kinyongo nayo hata kidogo. Iliniachia na mengine pia. Nilipofika miaka minne nilipata mtoto wa jicho, likapasuliwa, na hawakuweka lenzi ndani, ndiyo maana miwani yangu ni minene. Panja langu la kushoto limebonyea kwa sababu mfupa wa mtoto mchanga uliopigwa mionzi haukui kama mwenzake. Haya tuliambiwa. Lakini baada ya hapo wazazi wangu waliambiwa nimepona, wakashukuru Mungu, wakarudi Lamu. Kama kuna mtu aliwaambia kwamba mahali palipopigwa mionzi panaweza kuota saratani nyingine baada ya miaka mingi, basi neno hilo halikufika nyumbani kwetu.

Muda mfupi kabla ya Maulidi ya 2022 kiliniota kijipele kwenye kope la juu la jicho hili hili la pekee. Hakikuuma. Nikasema chokea. Duka la dawa waliniuzia tyubu ya tetrasaiklini, ilipoisha wakaniuzia ya pili. Nikakanda kwa kitambaa cha maji moto asubuhi na jioni. Kikabaki. Nikaenda zahanati moja, wakakipasua kwa ndani ya kope, wakakwangua, wakanifunga bandeji. Kabla ya kunifunga nilikiona kilichotoka. Kilikuwa kwenye shashi, cha manjano mpauko, kimeshikana, hakina majimaji ya usaha. Muuguzi alikunja shashi ile akaitupa kwenye ndoo pamoja na pamba. Sikusema kitu, sikujua kama kuna la kusema. Wiki sita baadaye kikarudi pale pale.

Ndoo ile naiota mpaka leo.

Januari 2023 nilisafiri kwenda Malindi kwa sababu moja tu: miwani yangu ya zamani ilikuwa imechunika na nilikuwa nashindwa kuhesabu vitobo. Rafiki alinielekeza duka hili kwa kuwa lina ofisa wa macho anayekaa pale siku zote, hangojewi kuja mara moja kwa mwezi. Dada wa mapokezi aliniuliza maswali akiandika kwenye daftari: una sukari? una presha? umewahi kupasuliwa jicho? Nikajibu nimepasuliwa. Hakuishia hapo, akauliza kwa ugonjwa gani. Nikamwambia. Akanyanyua kichwa, akaomba nimsomee herufi moja moja jinsi inavyoandikwa kwenye kadi yangu ya zamani.

Ndani daktari (namwita hivyo, yeye husema ni ofisa tu) alizima taa, akaniweka kidevu kwenye mashine, akachungulia. Mzee wa makamo, mikono yake ina ubaridi wa mtu anayenawa kila mara. Alikaa kwenye kope muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye jicho lenyewe. Akalipindua juu ya kijiti cha pamba, pole pole, akalitazama kwa ndani, akalirudisha. Halafu akanipa kioo cha kukuzia, kama hiki ninachoshonea, akanionyesha kwenye kioo cha ukutani. "Tazama hapa, mwanangu."

Nilikuwa nimekitazama kijipele kile kila siku kwa miezi minne na sikuwa nimeona alichonionyesha. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mtama, rangi ya samli iliyoganda. Mbele yake, kwenye ukingo wa kope, nywele hazikuwepo. Kushoto zipo, kulia zipo, hapo katikati pametupu kama pengo la meno.

Akauliza kimekaa muda gani. Kimeshapasuliwa? Kilichotolewa kilipelekwa maabara? Nikamsimulia ndoo. Alinyamaza kidogo. Akanyoosha kidole kwenye panja langu bila kuligusa: "Na hapa, ulipigwa mionzi?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Tangu kijipele kile kiote nilikuwa nimepita mikononi mwa watu watatu, na yeye ndiye wa kwanza kuuliza swali hilo. Nikasema ndiyo. Nikamwomba basi aniuzie dawa kali zaidi, maana kabati la dawa lilikuwa nyuma yake, limejaa, naliona. Akasema, "Leo sikuuzii kitu. Hata miwani sikuuzii leo."

Alinieleza kwamba angekuwa mtu mwingine, kijipele cha kwanza angemwambia akande kwa maji moto na arudi baada ya mwezi, kwa sababu vingi ni tezi la mafuta la kope lililoziba, huisha vyenyewe. Lakini kinachorudi mahali pale pale, kisichouma, kinachoangusha nywele za kope, lazima kikatwe kipande kipelekwe maabara, kwa mtu yeyote yule. Na kwa mtu aliyepigwa mionzi ya jicho utotoni hakuna kungoja hata mara ya pili. Zile tezi za mafuta zina saratani yao. Hujifanya chokea. Huweza pia kujifanya macho mekundu yasiyopona, mtu akatibiwa mzio mwaka mzima.

Nikamuuliza kwa nini mimi nipatwe mara mbili. Aligeuza karatasi ya risiti akachora jahazi. Alijua natoka Lamu. Akasema kila chembe ya mwili ina nanga mbili za kuizuia isikue ovyo. Nanga hiyo ni jeni inayoitwa RB1. Watoto wengi wanaopata ugonjwa huu kwenye jicho moja, nanga zote mbili zimekatika kwenye ile chembe ya jicho tu. Wanaopata macho mawili, karibu wote wamezaliwa na nanga moja imekwisha kukatika, tena katika kila chembe ya mwili: jicho, mfupa, ngozi, kila mahali. Vyombo vyote vinasimama kwa nanga moja. Mionzi inapopita huua saratani, na njiani hukata kamba za vyombo visivyo na hatia. Chombo hakiondoki siku hiyo. Kinaweza kukaa miaka mitano, kumi, ishirini na zaidi, ndipo kikaanza kwenda na maji.

Karatasi ile ninayo. Baadaye nilisoma zaidi kwa simu, usiku, nikakuta kwamba jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1986, na kwamba katika miaka ya 1990 madaktari wa nchi nyingi walianza kuwaepusha watoto hawa na mionzi ya nje, wakitumia dawa za kemo kupunguza uvimbe na leza au ubaridi kumalizia. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyepigwa mionzi kabla ya kutimiza mwaka. Mimi nilikuwa na miezi kumi. Na ya kope si pekee wala si kubwa kuliko zote: zinazoogopwa zaidi ni saratani za mfupa na za nyama kwenye tundu la jicho na panjani. Kwa hiyo mwenzangu uliyepitia njia hii, ukiona jicho linasukumwa mbele, au panja lililokuwa limebonyea linaanza kujaa, au jicho la bandia lililokaa vizuri miaka yote linaanza kutoka lenyewe, usiende kubadilisha jicho la bandia kwanza. Nenda ukapigwe picha. Na uwaambie historia yako kabla ya picha, kwa sababu kwetu sisi wenye jeni hii madaktari hupendelea ile ya sumaku, MRI, kuliko zenye mionzi, pale inapowezekana.

Nirudi dukani. Alipiga simu Nairobi mimi nikiwa nimekaa pale pale, akiomba ruhusa yangu kwanza. Alipiga picha ya kope kupitia mashine akaituma. Barua ya rufaa aliiandika kurasa mbili, akanisomea yote kwa Kiswahili ili nijue nimebeba nini. Nilipata nafasi baada ya siku tisa. Nililipa shilingi 500 za kuonwa, basi. Yule dada wa mapokezi aliteremka ngazi akaninunulia maji, akakaa nami mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Duka lilikuwa na watu wanangoja na hakuna aliyemharakisha.

Nairobi walikata kipande. Jibu likawa ndilo: saratani ya tezi za mafuta za kope. Walikata tena vipande vidogo vidogo kuzunguka jicho, kwa sababu aina hii ina tabia ya kuruka, ikaacha pasafi katikati ikatokea pembeni. Walipapasa tezi za mbele ya sikio na za shingo, wakapiga picha. Saratani haikuwa imekwenda huko. Kabla ya Ramadhani ya mwaka huo nikafanyiwa upasuaji.

Kuna jambo moja daktari wa Nairobi aliniambia ambalo ndilo hasa lililonifanya nikaandika haya. Kikiondolewa kipande kidogo cha kope, robo hivi au theluthi, pande mbili zilizobaki huvutwa zikashonwa. Kikiwa kikubwa, kope la juu hujengwa kwa kuazima nyama ya kope la chini, na kwa wiki kadhaa jicho hushonwa likafungwa mpaka nyama ishike. Mwenye macho mawili atavumilia. Mimi lingefungwa ninaloonea. Tena ngozi iliyopigwa mionzi haiponi haraka. Changu kilishonwa kwa kuvutwa. Sikukaa gizani hata siku mbili. Nikihesabu miezi ambayo ningeendelea kupaka tyubu ya tatu na ya nne, najua duka lile limeniokolea nini.

Swali jingine aliloniuliza ofisa yule siku ile ile, mkono ukiwa mlangoni: "Una mtoto?" Ninaye, wakati ule alikuwa na mwaka na nusu. Kila mtoto wa mtu kama mimi, nafasi ya kuirithi ile nanga iliyokatika ni nusu kwa nusu, na watoto hawa hutakiwa kuchunguzwa macho tangu wiki za kwanza za kuzaliwa. Wangu hakuwa amechunguzwa hata mara moja. Akaongeza jina lake kwenye barua. Nairobi walimlaza usingizi wa dawa wakamtazama macho yote mawili hadi nyuma kabisa, na wameendelea kumtazama. Macho yake ni safi, alhamdulillahi. Siku ile ya kwanza, nikimngoja nje ya chumba, sikuwa na habari ya kope langu kabisa.

Sasa miwani, maana hili ni duka la miwani na dada wa Mokowe aliuliza miwani.

Nilirudi mwezi wa sita. Kope langu jipya ni fupi kidogo, halifungi mpaka mwisho, kwa hiyo upepo wa baharini hunikausha jicho na usiku napaka mafuta. Walichagua fremu inayokaa karibu na uso na yenye ukingo mpana upande wa panja. Lenzi ni za polikaboneti, ambazo hazivunjiki ovyo. Alisema mwenye jicho moja asivae kitu kingine, na nakubaliana naye kwa moyo wote. Ni za sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya karibu, kwa kuwa jicho lililotolewa lenzi haliwezi kujirekebisha lenyewe. Na upande wa kulia, wa jicho la bandia, hawakuweka kioo kitupu. Waliweka lenzi nene inayolingana na ya kushoto, ili macho yote mawili yaonekane yamekuzwa sawasawa. Miaka yote niliyovaa miwani nimeonekana na jicho moja kubwa na moja dogo, na nilidhani ndivyo uso wangu ulivyo. Nilipojitazama kwenye kioo cha duka nililia, na fundi wa fremu akajifanya anatafuta bisibisi.

Fundi huyo ndiye aliyepinda ule mkono wa kushoto. Mkono wa kawaida ukipita kwenye panja lililobonyea hubaki hewani, miwani ikalala upande. Aliupasha moto akaukunja ndani kidogo, akanivalisha, akautoa, akaupasha tena. Mara sita au saba. Mwisho nikatikisa kichwa na haikusogea.

Bei, fremu na lenzi pamoja, 8,500. Kwa kofia ninazoshona hiyo ni pesa, lakini kwa lenzi nene za sehemu mbili nimeona mahali wakitaka zaidi. Walikubali nilipe kwa mafungu matatu kwa simu.

Yasiyonifurahisha. Waliahidi wiki tatu zikawa tano, na mtu wa Lamu hawezi kupita tu kuuliza: ni boti, basi, Witu, Garsen, vizuizi vya polisi, siku nzima imekwisha. Wangepiga simu. Mstari wa sehemu ya karibu kwenye lenzi ya kwanza ulikuwa juu mno, nikishuka ngazi nikawa naona ukungu. Walitengeneza upya bila malipo, lakini ni safari nyingine. Ngazi zenyewe ni hatari, na ni aibu duka la wasioona vizuri kuwa na kizingiti kile. Nimewaambia na nawaambia tena. Hakuna choo cha wateja. Jumamosi msiende, mtasimama.

Ukienda, beba kila karatasi ya zamani uliyo nayo, hata iliyochanika. Kadi yangu ya 1998 mama aliihifadhi ndani ya sanduku la nguo pamoja na udi, na ndiyo iliyoonyesha ni jicho gani lilipigwa mionzi na mara ngapi. Kama wazazi wako wangali hai, waulize leo ulitibiwa nini. Na kijipele chochote kikikatwa popote pale, sema kwa sauti: kipelekwe maabara. Ukiambiwa ni gharama, uliza ni kiasi gani.

Mimi narudi Malindi mwezi wa nane kwa ukaguzi wa nusu mwaka. Ofisa atalipindua kope juu ya kijiti chake cha pamba, atanipapasa mbele ya sikio na shingoni, ataniuliza kama mifupa ya miguu inauma, maana na hiyo kwetu haipuuzwi. Nikichukua boti ya alfajiri nikapata basi la kwanza Mokowe, nafika mchana wangali wazi. Pedi ya pua ya upande wa kulia imelegea, nimewapigia, wamesema wameshaiagiza.